Mikono ndani ya picha: kisa cha Samson Kambalu na nyaraka za Sanguinetti

Tarehe 7 Novemba 2015, maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice yakiwa yamebakiza majuma mawili kufungwa, mahakama ya mji huo ilikataa ombi la Gianfranco Sanguinetti. Mwandishi huyo wa Kiitaliano alitaka kazi ya Samson Kambalu, msanii mzaliwa wa Malawi, iondolewe ukumbini kwa sababu ilijaa picha za barua, miswada na makaratasi yake, zilizopigwa na kuonyeshwa bila ridhaa yake. Kazi ikabaki hadi maonyesho yalipofungwa tarehe 22.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama mkuki kwa nguruwe: mtu aliyehubiri kwamba fikra hazina mwenyewe, zake zilipochukuliwa akakimbilia mahakamani. Simulizi ni tamu na ina ukweli ndani yake, lakini msanii wa picha au video akiitegemea peke yake atajiponza. Unafiki wa mdai haumpi mdaiwa haki ya kunakili. Kilichombeba Kambalu ni namna kazi yenyewe ilivyotengenezwa, kuanzia pale kamera ilipoelekezwa kwenye karatasi. Ndiyo maana tunakichambua hapa kama kisa cha ufundi kwanza, kisha cha sheria.

Nani anamdai nani, na mali gani

Sanguinetti alikuwa mwanachama wa tawi la Italia la Situationist International, kundi la wasanii na wanasiasa wa mrengo wa kushoto lililoundwa 1957 na kuvunjwa 1972. Mwaka huo wa mwisho yeye na Guy Debord, kinara wa kundi hilo, ndio walioandika pamoja maelezo ya kuvunjika kwake. Kundi hilo lilikuwa na mbinu moja iliyopendwa kuliko zote: kuchukua kitu kilichokwisha kutengenezwa na mwingine, picha, katuni, filamu, kipande cha maandishi, na kukigeuza kiseme kinyume cha kilichokusudiwa. Jarida lao lililotoka kati ya 1958 na 1969 lilibeba tangazo kwamba maandishi yake yote yanaweza kunakiliwa, kutafsiriwa na kubadilishwa na yeyote, hata bila kutaja yalikotoka.

Sanguinetti mwenyewe aliitumia mbinu hiyo kwa ustadi wa kutisha. Mwaka 1975 alijifanya mzee wa kihafidhina wa tabaka la juu, akajiita Censor, na kusambaza kijitabu kilichowashauri matajiri wa Italia namna ya kuuokoa ubepari. Nakala 520 zilipelekwa kwa mawaziri, wabunge, wenye viwanda na wahariri. Wengi waliamini. Baadaye akajitokeza na kusema ni yeye.

Miaka ikapita. Mwaka 2013 nyaraka zake zikaingia Beinecke, maktaba ya vitabu adimu ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa njia ya kuuzwa. Humo mna miswada, picha, na barua alizoandikiana na wenzake, Debord akiwamo.

Kambalu alizaliwa 1975, akasomea sanaa na muziki Chancellor College, Zomba, kisha akahamia Uingereza. Sanaa yake yote, picha, video na usakinishaji (vitu vinavyopangwa ukumbini viwe kazi moja), imejengwa juu ya nyau, utamaduni wa vinyago wa Wachewa ambao ngoma yake, Gule Wamkulu, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Kinachomvutia ndani ya nyau ni mambo mawili: mtu aliyevaa kinyago ana ruhusa ya kumdhihaki mkubwa, na anachokitoa hukitoa kama zawadi, hakiuzi. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba wanaharakati waliosema kila kitu ni zawadi wameuza makabrasha yao kwa chuo tajiri, lazima pua imwashe. Alikwenda Yale, akafungua maboksi, akapiga picha. Matokeo yakaitwa *Sanguinetti Breakout Area*, na Okwui Enwezor, msimamizi wa maonyesho ya Venice mwaka huo, akayapa nafasi.

Vitu vinne ndani ya karatasi moja

Kabla ya kamera, tutenganishe jambo ambalo wasanii hulichanganya kila siku. Barua moja iliyo kwenye boksi la maktaba ina mambo manne ndani yake, na kila moja linaweza kuwa na mwenyewe wake.

La kwanza ni karatasi yenyewe. Hiyo ni ya maktaba; imeinunua. La pili ni hakimiliki ya maneno yaliyoandikwa. Hiyo haihami kwa sababu karatasi imeuzwa. Sheria ya Italia Na. 633 ya 1941, ibara ya 109, inasema wazi kwamba kuuza nakala ya kazi hakuhamishi haki za kuitumia, ila kama wahusika wamekubaliana hivyo. Mantiki hiyohiyo ipo karibu kila nchi iliyo ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, Kenya na Tanzania zikiwamo. Na hakimiliki ya barua ni ya mwandikaji. Aliyeandikiwa ana karatasi tu. Kwa hiyo barua ya Debord kwa Sanguinetti haikuwa ya Sanguinetti kimaneno, hata kama ilikaa kabatini kwake miaka arobaini.

La tatu ni faragha. Barua ya siri ina ulinzi wake hata kama haina thamani yoyote ya kifasihi. La nne ni masharti ya maktaba: fomu unayosaini mapokezini inayosema picha utakazopiga ni za utafiti, na kwamba ukitaka kuchapisha, kutafuta ruhusa ya mwenye haki ni jukumu lako. Msanii akivunja fomu hiyo anaweza kushinda kesi ya hakimiliki na bado akafungiwa mlango wa maktaba. Someni fomu. Nakala yake ipigwe picha siku hiyohiyo, maana baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka ilisema nini.

Kupiga picha ya waraka bila kuwa mashine ya fotokopi

Angalia picha za Kambalu: waraka haukulazwa mezani peke yake kama kwenye skana. Umeshikwa. Vidole vya msanii vimo ndani ya fremu, vyeusi, juu ya karatasi nyeupe ya Ulaya. Uamuzi huo mdogo unafanya kazi kubwa kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Unaonyesha kwamba kinachopigwa picha ni tendo: mtu fulani, kutoka mahali fulani, ameshika kitu hiki. Unampa mtazamaji ukubwa wa karatasi bila rula. Halafu unaifanya picha isifae sana kuwa mbadala wa waraka, kwa kuwa kidole kinafunika mstari, karatasi imepinda, pembe haiko sawa. Anayetaka kumsoma Sanguinetti hatatosheka na picha hizi. Itambidi arudi kwenye chanzo. Mwanasheria yeyote wa hakimiliki atakwambia hilo la mwisho ndilo analolitafuta kwanza.

Mwenye kutaka kufanya kazi ya namna hii ajue kwamba ugumu wake haupo pale wanapodhani watu. Shida ya kwanza ni mwanga. Kamera ikiona karatasi nyeupe imejaa fremu hudhani kuna mwanga mwingi mno, hivyo hupunguza. Karatasi inatoka ya kijivu, na mkono mweusi unakuwa kivuli kisicho na kucha wala mikunjo. Ongeza kipimo cha mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu, kisha uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera: upande wa kulia ukaribie ukingo bila kugonga. Piga faili ghafi (RAW), usitegemee JPEG, kwa sababu utahitaji kuinua vivuli vya ngozi baadaye bila kuichoma karatasi. Kama wazo lote la kazi ni mkono wa Mwafrika juu ya makabrasha ya Yale, halafu mkono ukatoka doa jeusi, wazo limekufia kwenye kamera.

Shida ya pili ni mtikisiko. Karatasi iliyolala hupigwa hata kwa 1/15 ya sekunde kama kamera iko kwenye stendi. Iliyoshikwa haisubiri; mkono hutetemeka hata kama mwenyewe hauhisi. Usishuke chini ya 1/125. Vyumba vya kusomea vya maktaba kwa kawaida haviruhusu fleshi, na taa za kuongeza mara nyingi haziruhusiwi pia, kwa hiyo utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 au 1600 na kukaa kwenye tundu la lenzi la f/5.6. Ukifungua tundu hadi f/2 kwa kutafuta mwanga, nusu ya karatasi iliyopinda itakuwa na ukungu. Lenzi ya milimita 50 au 60 inayokaribia vitu vidogo inatosha.

Mikono iwe safi na mikavu, bila losheni. Kwa karatasi, maktaba nyingi hazitaki glavu siku hizi, kwa kuwa glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na karatasi huchanika. Kwa picha za zamani zilizosafishwa kwenye karatasi ya kung'aa mambo ni tofauti: alama ya kidole haitoki, na utaambiwa uvae glavu za nitrili. Hapo mkono mtupu hauwezi kuingia kwenye fremu, na ni lazima uamue mapema kama glavu inaharibu wazo au inalikoleza.

Majina ya faili yapangwe papo hapo: namba ya boksi, namba ya folda, namba ya kipande. Siku ukishtakiwa, swali la kwanza la wakili wako litakuwa ni waraka upi hasa ulioonyeshwa, na nani aliuandika.

Filamu za chini ya dakika moja

Upande wa pili wa kazi ya Kambalu ni video fupi anazoziita Nyau Cinema. Ameziwekea kanuni, na baadhi yake zinafahamika vizuri: kipande kisizidi dakika moja, uigizaji uzuke papo hapo kutokana na mahali, jengo au kitu kilichokutwa, mavazi yawe ya kila siku, uigizaji uwe wa kiasi lakini wa ulimwengu mwingine, uhariri usivuke uwezo wa filamu za mwanzo kabisa, zile zisizo na sauti, sauti itumike kwa uchache. Hivyo utamwona mtu mwenye kofia anaingia kwenye ukuta, anarudi nyuma mtaani huku wengine wakienda mbele, au anatoweka katikati ya hatua. Basi. Hakuna hadithi.

Kanuni hizi si pambo. Kipande cha ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema wa Ufaransa, cha mwaka 1895 kilikuwa mkanda wa mita 17 hivi, yaani kama sekunde 50, kwa sababu kamera haikubeba zaidi. Anayejifunga leo kwa urefu huo anakata mambo yote yanayofanya video ya sanaa ichoshe: utangulizi, maelezo, hisia za muziki.

Hila ya kutoweka ni ya zamani kama sinema, na inashindikana kirahisi. Kamera hufungwa kwenye stendi, mtu huganda, kamera husimamishwa au huachwa iendelee, mtu hutoka, kisha mkato hufanywa kati ya fremu mbili. Kinachovuruga ni kamera ya kisasa kujifanya na akili. Mtu akitoka, mwanga wa fremu hubadilika, kamera inajirekebisha, na mkato unaonekana kama mwanga umepepesa. Kwa hiyo funga vitu vinne kwa mkono: kasi ya shata, tundu la lenzi, ISO na mizani ya rangi. Fokasi nayo ifungwe. Ikiachwa ijitafutie itayumba pale mtu anapoondoka. Nje, usiache zaidi ya sekunde chache kati ya fremu hizo mbili, maana kivuli husogea na wingu hupita. Mti wenye upepo nyuma ya mwigizaji utakusaliti kila mara. Ukuta ni rafiki.

Kwa mwendo ule wa kurukaruka wa filamu za zamani, hesabu ni hii. Zile za zamani ziliendeshwa kwa fremu 16 hadi 18 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa 25, mambo huharakishwa. Ukipiga kwa fremu 25 na kutaka hisia ya 18, ongeza kasi hadi asilimia 139. Kipande cha sekunde 40 kitahitaji sekunde 56 za kuigiza. Mwigizaji aambiwe mapema ili atulie. Wengi wakijua mwendo utaharakishwa nao huharakisha, na matokeo yanakuwa fujo. Zima programu ya kulainisha mwendo inayobuni fremu za katikati. Unautaka ukwaruzo.

Anayepiga ndani Dar es Salaam, Nairobi au hata Venice akumbuke umeme wa hertzi 50. Chini ya taa za bomba, kamera iliyowekwa fremu 30 na shata ya 1/60 huleta mistari inayotembea. Weka fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100.

Kuonyesha ndiko kunakoaibisha. Kipande cha sekunde 45 kikiwekwa kwenye runinga kwa flashi kirudierudie, runinga nyingi huonyesha jina la faili au skrini nyeusi kila kinapoanza upya. Kila sekunde 45, siku nzima. Dawa ni kukirudia kwenye programu ya uhariri mara 80 upate faili moja la saa nzima. Hapo linakuja tatizo jingine: kwa megabiti 20 kwa sekunde, saa nzima ni gigabaiti 9, na flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalozidi 4. Ama panga flashi upya kwa exFAT baada ya kuhakikisha runinga inaisoma, ama shusha hadi megabiti 8 upate gigabaiti 3.6. Kwa picha ya nyeusi na nyeupe yenye kamera isiyosogea, 8 zinatosha kabisa.

Hoja mbele ya jaji

Sanguinetti hakulalamikia filamu. Alilalamikia picha za nyaraka: maandishi yake, mengine hayajawahi kuchapishwa, yamewekwa mbele ya umma. Kwa sura ya nje madai yake yalikuwa na nguvu. Haki ya kuamua lini kazi itolewe kwa mara ya kwanza ni ya mwandishi, na kiasi kilichonakiliwa hakikuwa kidogo. Kambalu hakunukuu mistari miwili kwa ajili ya uhakiki.

Ugumu kwa upande wa utetezi ulikuwa kwamba sheria ya Italia wakati huo haikuwa na kifungu kilichotaja dhihaka kama ruhusa. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2001 kuhusu hakimiliki, ibara ya 5(3)(k), yaliziruhusu nchi wanachama kuweka ruhusa ya katuni, dhihaka na uigaji, lakini hayakuzilazimisha. Italia ilikuja kuandika jambo hilo baadaye, 2021, na hata hivyo kwa ajili ya majukwaa ya mtandaoni. Hivyo dhihaka ilisimama juu ya uhuru wa kujieleza na uhuru wa sanaa ndani ya katiba, ibara za 21 na 33, na juu ya wazo kwamba kazi ya dhihaka ni kazi mpya inayojitegemea.

Mwaka mmoja kabla, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikuwa imetoa kipimo katika kesi ya Deckmyn, C-201/13, ya 3 Septemba 2014. Huko mwanasiasa wa Ubelgiji aligawa kalenda zenye mchoro uliogeuzwa kutoka jalada la kitabu cha katuni. Mahakama ilisema dhihaka inahitaji mambo mawili: ikumbushe kazi iliyopo huku ikitofautiana nayo kwa namna inayoonekana, na iwe ni mzaha au kejeli. Si lazima itaje chanzo. Baada ya hapo jaji apime mizani kati ya mwenye haki na uhuru wa anayedhihaki.

Weka kazi ya Kambalu kwenye kipimo hicho. Inakumbusha? Waraka wenyewe umo. Inatofautiana? Hapa ndipo mikono inapolipa: ni picha za mtu aliyeshika, zimewekwa ndani ya usakinishaji wenye jina lake na mpangilio wake. Inakejeli? Kejeli yake ni kwamba wanamapinduzi waliokataa umiliki wa fikra wameuza hata bahasha zao, na sasa mwingine anazirudisha kwa umma kwa mbinu yao wenyewe. Jaji wa Venice alikubaliana na mwelekeo huo: aliiona kazi kuwa ya kidhihaka na inayojitegemea, akakataa kuiondoa.

Kwa maoni yetu, nguzo iliyobeba uzito mkubwa ni ile ya tatu. Kejeli ililenga mahali hasa. Haikuwa kejeli kuhusu ubepari kwa jumla iliyoazima makaratasi ya mtu kwa urahisi wa kupatikana. Ililenga kitendo cha mtu huyohuyo, kwa nyaraka hizohizo, na isingewezekana kusemwa kwa nyaraka za mwingine. Lile tangazo la jarida lao linasaidia hapo kama ushahidi wa kejeli. Kama leseni halisaidii, kwa sababu lilihusu yaliyochapishwa ndani ya jarida, wala halikugusa barua za kabatini.

Palipoanguka wengine

Ili kuona uzito wa nguzo hiyo, tazama kesi ya Marekani iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo tarehe 18 Mei 2023 kati ya taasisi ya msanii Andy Warhol na mpigapicha Lynn Goldsmith. Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha itumike mara moja kama msingi wa mchoro wa Warhol. Warhol akatengeneza mfululizo mzima, na 2016 taasisi yake ikalipisha jarida dola 10,000 kwa mchoro mmojawapo. Majaji saba kwa wawili walimpa Goldsmith ushindi katika suala lililokuwa mbele yao. Mchoro wa Warhol ulikuwa na mtindo wake, hilo hakuna aliyelikana. Lakini ulikuwa unauzwa kwa kazi ileile ambayo picha ya Goldsmith ingefanya, kupamba habari za Prince, na haukusema lolote kuhusu picha yenyewe.

Sheria za nchi hizo mbili hazifanani, na hatusemi Venice ingeamua vile au Washington vile. Ila swali la fundi ni lilelile: kwa nini kazi hii na si nyingine? Kambalu alikuwa na jibu. Msanii aliyechukua picha ya harusi ya mtu mtandaoni na kuitia rangi nyekundu mara nyingi hana.

Kwa anayefanya kazi huku

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, Sura ya 130, chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Zote zina mlango wa kunukuu, na ile ya Kenya inataja matumizi ya haki kwa uhakiki na mapitio, chanzo kikitajwa. Msanii anayegusa makabrasha ya watu asiingie kwa tumaini kwamba jaji atamhurumia kwa kuwa ni msanii. Ajenge kazi ili iweze kusimama kama uhakiki. Taja chanzo hata pale Ulaya isipokudai. Chukua kiasi ambacho hoja inakihitaji, na uweze kueleza kwa nini kipande cha tano kilihitajika baada ya cha nne.

Kuna pia ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya tangu 2019, Tanzania kwa sheria ya 2022. Barua ya zamani yenye anwani, ugonjwa au madeni ya mtu aliye hai si nyenzo ya bure. Funika kwa kidole. Tunasema kwa dhati: mkono uliomo kwenye fremu unaweza kuficha namba ya nyumba bila kuonekana kama udhibiti, jambo ambalo mstari mweusi wa kompyuta hauwezi.

Kambalu mwenyewe ameonyesha njia nyingine isiyo na kesi. Sanamu yake iliyowekwa kwenye nguzo ya nne ya Trafalgar Square, London, mwaka 2022 ilitoka kwenye picha ya 1914 ya mhubiri wa Malawi John Chilembwe na mmisionari John Chorley, Chilembwe akiwa na kofia kichwani wakati Mwafrika alitakiwa kuivua mbele ya Mzungu. Ndani ya miezi michache Chilembwe alikuwa ameandika gazetini kupinga watu wake kupelekwa kufa katika vita dhidi ya Wajerumani wa upande wa Tanzania ya leo, na Januari 1915 akaongoza uasi, kisha akauawa. Picha ya umri huo kwa kawaida haina wa kumdai msanii. Kejeli inabaki kali, na bili ya wakili ni sifuri.

Ambayo hukumu haikuyagusa

Uamuzi wa Venice ulihusu ombi la dharura, kwa kazi moja, ndani ya maonyesho ya muda. Haukusema kwamba picha hizohizo zingeweza kuchapishwa zote katika kitabu cha kuuzwa dukani. Haukuifunga mahakama ya Marekani, ambako karatasi zipo na ambako fomu ya maktaba ilisainiwa. Haukugusa haki za warithi wa watu wengine walioandika barua hizo, kwa sababu hawakuwa wadai. Msanii mwenye kazi ya aina hii anayetaka kuuza nakala za picha zenye namba, tuseme tano za kuuza na mbili za kubaki kwa msanii, atenganishe hesabu tangu mwanzo: picha ambazo maandishi ndani yake yanasomeka mstari kwa mstari zibaki za maonyesho tu, na zile ambazo mkono, mkunjo na kivuli ndivyo vinavyotawala fremu ndizo ziende kwa mnunuzi. Mkataba na nyumba ya sanaa utaje orodha hizo mbili kwa majina ya faili, na useme nani atalipa wakili barua ya kwanza ya madai ikifika.